Ziba mkono mmoja: kupima kwa leza na kupima maono ya mbali kwa nidhamu ileile

Kwenye kipimo cha leza kuna jaribio la sekunde tano linaloamua kama unachokiona kipo au hakipo: chukua kipande cha karatasi, ziba mmoja wa miali miwili. Ishara ikitoweka, ilikuwa ya kweli. Ikibaki, kuna mahali inavuja, na kila hesabu uliyoifanya juu yake ni bure.

Mwongozo huu unaanza na leza na kuishia kwenye maono ya mbali, yaani dai kwamba mtu anaweza kueleza mahali au picha asiyoiona kwa macho wala kuambiwa. Safari hiyo si ya ajabu kama inavyosikika. Russell Targ, mwanafizikia Mmarekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1934, alifanya kazi za leza tangu miaka ya 1960. Mwaka 1972 alijiunga na mwenzake Harold Puthoff, naye mtu wa leza, kuanza utafiti wa maono ya mbali katika taasisi ya SRI huko Menlo Park, California, na Oktoba 1974 jarida la Nature likachapisha ripoti yao. Targ aliondoka SRI mwaka 1982, kisha akaenda kampuni ya ndege ya Lockheed kushughulikia leza za kupima upepo mbele ya ndege. Kazi ya upepo ilikubalika bila ubishi mkubwa. Ile ya maono inabishaniwa hadi leo. Tofauti haiko kwenye akili ya mtafiti. Iko kwenye ile karatasi ya kuzibia: kwenye leza unayo, kwenye maono ya mbali inabidi uitengeneze mwenyewe, na ni ngumu kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kwa sababu hiyo tunashauri uanze na leza hata kama hamu yako yote iko kwenye maono. Siku mbili za kuhangaika na miali zitakufundisha kunusa uvujaji upesi kuliko miezi sita ya vikao.

SEHEMU YA LEZA

Tunajenga kipimo cha Michelson, ambamo mwali mmoja unagawanywa mara mbili, kila nusu inaenda kwenye kioo chake na kurudi (kila njia kati ya mchemraba wa kugawa mwanga na kioo tunaiita mkono), kisha zinakutana tena. Zikikutana mawimbi yakiwa sambamba unapata mwanga, yakipishana nusu wimbi unapata giza. Kioo kimoja kikisogea nusu ya urefu wa wimbi, mwanga unabadilika kuwa giza na kurudi kuwa mwanga: mstari mmoja umepita. Kwa leza nyekundu ya nm 650, mstari mmoja ni mwendo wa nm 325.

Vifaa:

– Leza nyekundu ya nm 650 yenye nguvu isiyozidi mW 1. Ukipata ya heli na neoni ya nm 632.8 ni bora zaidi. Epuka kalamu za bei rahisi za kijani, kwa kuwa nyingi huvujisha mwanga wa infraredi usioonekana, na jicho halifumbi kwa kisichoonekana.
– Mchemraba wa kugawa mwanga nusu kwa nusu, upande wa mm 20 hadi 25.
– Vioo viwili vilivyopakwa rangi ya kuakisi usoni, si mgongoni. Kioo cha kawaida cha kujitazamia kinaakisi mara mbili, usoni na mgongoni, na utapata nukta za ziada zitakazokupotezea mchana mzima.
– Spika ndogo ya sm 5 hadi 8. Kioo kimoja kitagundishwa katikati ya koni yake, kwa hiyo kiwe chepesi, kama mm 10 kwa mm 10.
– Lenzi ndogo ya fokasi ya mm 10 hadi 20.
– Fotodaiodi (kipokezi kinachogeuza mwanga kuwa umeme) aina ya BPW34, betri ya V 9, rezista ya kΩ 10, kapasita ya µF 1.
– Kompyuta yenye tundu la kuingizia sauti na programu ya kurekodi inayoonyesha spektogramu (mchoro wa masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda), kwa mfano Audacity.
– Kigae kizito cha sakafu, na taulo iliyokunjwa au mpira wa ndani wa baiskeli uliojazwa hewa kidogo wa kukilaza juu yake.

Usitazame mwali wala mwakisiko wake, weka miali yote chini ya usawa wa macho ya mtu aliyekaa, na vua saa na pete unapopanga vioo.

Panga mchemraba katikati ya kigae na vioo viwili sm 10 kutoka kwake, kimoja mbele na kingine pembeni. Hapa pima kwa rula kwa makini. Leza ya kalamu hupoteza mshikamano wa mawimbi haraka, hivyo mikono miwili isitofautiane zaidi ya mm 2 au 3. Leza ya heli na neoni inasamehe hata sm kadhaa. Elekeza miali iliyoungana kwenye ukuta ulio mita 2 mbali na sogeza vioo hadi nukta mbili zinazong'aa zaidi zilaliane kabisa. Kisha weka lenzi. Mistari ya mwanga na giza itatokea, na ukigusa meza kwa kidole itacheza.

Isipotokea, kagua kwa mpangilio huu. Kwanza, nukta zinalaliana kweli, au ulilaliza nukta ya mzimu inayotokana na uso wa mchemraba? Ziba mkono mmoja, kisha mwingine, uone ipi ni ya nani. Pili, mikono inalingana? Tatu, leza imepata joto? Iwashe dakika 10 hadi 15 kabla, na tumia umeme tulivu badala ya betri za saa zinazoisha. Nne, mwali unarudi moja kwa moja ndani ya leza? Ukirudi unaivuruga, mistari inaonekana na kupotea kama taa mbovu. Geuza mchemraba kidogo sana hadi nukta inayorudi iangukie kando ya tundu.

Mistari ikitulia, weka fotodaiodi pale mistari inapoangukia, ikiwa imefunikwa karatasi nyeusi yenye tundu dogo. Kosa la kawaida kuliko yote liko hapa: tundu likiwa pana kuliko mstari mmoja, fotodaiodi inapokea mwanga na giza kwa pamoja, wastani haubadiliki, na unaapa kwamba kifaa kimekufa. Punguza tundu, au geuza kioo kidogo ili mistari ipanuke. Mzunguko wa umeme ni mwepesi: kathodi kwenye chanya ya betri, anodi kwenye rezista, mwisho wa rezista kwenye hasi, na kutoka juu ya rezista chukua ishara kupitia kapasita hadi kompyuta. Kwa nm 650 fotodaiodi hii hutoa karibu A 0.4 kwa kila W, kwa hiyo mW 0.1 ya mwanga inakupa µA 40, na kwenye kΩ 10 hiyo ni V 0.4. Inatosha kabisa tundu la sauti.

Sasa lisha spika mlio wa Hz 40 kwa sauti ya chini mno. Ikiwa koni inasogea µm 5 kila upande, kasi yake ya juu ni mm 1.26 kwa sekunde, na mistari itapita kwa kasi ya juu ya takriban Hz 3,900. Hesabu ni hii: mara mbili ya kasi, gawa kwa urefu wa wimbi. Kwenye spektogramu utaona matao yanayopanda toka sifuri, yanafika kileleni na kushuka, mara mbili kwa kila mzunguko, maana kioo husimama mara mbili kikigeuza njia. Weka dirisha la uchanganuzi kuwa sampuli 256 kwa rekodi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, la sivyo matao yatayeyukiana. Kwa kiwango hicho cha rekodi huwezi kuona zaidi ya Hz 24,000, yaani mm 7.8 kwa sekunde. Ukizidisha sauti ya spika juu ya hapo, matao yatajikunja na kuonekana yanashuka pale yalipopaswa kupanda. Watu wameitafsiri mikunjo hiyo kwa kila namna.

Kisha zima kwa zamu. Haya ndiyo majaribio ya sifuri, na ndiyo sababu ya kujenga kitu hiki:

1. Leza imezimwa, kila kitu kingine kinaendelea. Ukiona mstari wa Hz 100 au 120, hiyo ni taa ya chumbani. Wa Hz 50 au 60 ni waya za umeme. Ukiona Hz 40, ishara ya spika inarukia waya wa fotodaiodi, tenganisha nyaya.
2. Leza inawaka, mkono mmoja umezibwa. Matao yote lazima yafe. Kikibaki chochote cha Hz 40, mtikisiko wa spika unaisukasuka leza au tundu, na mwanga unaongezeka na kupungua bila mwingiliano wowote wa mawimbi. Tenga spika na kigae.
3. Mikono yote iko wazi, lakini waya wa spika umechomolewa. Kinachobaki ni kelele ya nyumba: hatua za miguu, friji, magari. Rekodi dakika 10 za hali hii na uzihifadhi, maana hicho ndicho kipimo chako cha kusema «hakuna kitu».

Angalia kwamba kila jaribio linakamata uvujaji wa aina yake. La kwanza haliwezi kukuonyesha kosa la pili. Kifaa kinachopita mawili na kushindwa la tatu kimeshindwa.

Kipimo hiki hakijui kama kioo kinakuja au kinakwenda. Leza za kupima upepo hulitatua hilo kwa kuulinganisha mwanga unaorudi na mwali mwingine uliosogezwa masafa kwa kiasi kinachojulikana. Ukirudi na masafa ya juu ya hapo upepo unakuja, chini ya hapo unakwenda. Kanuni nyingine ni ileile, ila badala ya kioo kuna vumbi na matone yaeleayo na hewa. Kwa leza ya kaboni dioksidi ya µm 10.6, kila mita moja kwa sekunde hubadilisha masafa kwa kHz 189. Kwa leza ya µm 2 ni karibu MHz 1. Kilichoisukuma kazi hiyo Marekani ni ajali kama ile ya Agosti 2, 1985 huko Dallas, ambapo ndege ya Delta namba 191 iliingia kwenye mporomoko wa ghafla wa hewa ikitua na watu 137 wakafa. Mwaka 1992 leza ya Lockheed ya µm 10.6 iliruka ndani ya Boeing 737 ya utafiti ya NASA. Hapo hakukuhitajika imani ya mtu: leza inasema upepo utabadilika mbele, ndege inafika, vipima kasi vya ndege yenyewe vinakubali au vinakataa.

SEHEMU YA MAONO

Jaribio la SRI lilikuwa hivi. Watu wawili au zaidi walikwenda mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha iliyofungiwa, ndani ya mwendo wa nusu saa. Mwonaji alibaki maabara na mtu wa kumhoji, akieleza na kuchora alichokihisi. Baadaye mwamuzi alipewa maelezo yote na kuzunguka kila mahali akiyapanga kwa jinsi yanavyofanana na pale. Katika mfululizo wa maeneo tisa wa mwonaji Pat Price, mwamuzi aliweka maelezo sahihi nafasi ya kwanza mara saba. Kwa bahati tupu ungetarajia mara moja hivi.

Wanasaikolojia David Marks na Richard Kammann walipochunguza maandishi yaliyopewa mwamuzi waliona ufa, na waliuandika katika Nature mwaka 1978. Maelezo hayakuwa yamesafishwa. Kulikuwa na tarehe, na kulikuwa na maneno kama kumtajia mwonaji mahali palipotembelewa siku iliyopita. Mwamuzi akiwa na orodha ya maeneo kwa mpangilio wa kutembelewa, anaweza kuunganisha karatasi na mahali bila kusoma maelezo yenyewe. Mwanasaikolojia Charles Tart aliyasafisha maandishi na kudai matokeo bado yanasimama. Marks hakukubali kwamba usafi ulitosha. Mabishano ya aina hii hayana mwisho kwa sababu kifaa hakikuzibwa kabla ya kupima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta umejengwa kwa zaidi ya miaka arobaini.

Kulikuwa na tatizo la pili, la hesabu. Maeneo yalichaguliwa bila kurudiwa, na mwonaji alipelekwa kuyaona baada ya kila kikao. Aliyeona daraja jana anajua leo si daraja, kwa hiyo vikao havikuwa huru kimoja kwa kingine. Mpangilio ufuatao unaondoa matatizo yote mawili, na unahitaji watu kadhaa na kompyuta moja.

Ghala la picha. Tafuta picha 160 za mahali na vitu, zigawe katika mafungu 40 ya picha nne. Ndani ya fungu picha zitofautiane kadiri iwezekanavyo: maporomoko ya maji, mnara, shamba tambarare, ngazi za mviringo. Usiweke madaraja mawili fungu moja. Zote zikatwe ukubwa mmoja, data ya kamera ifutwe, na majina ya mafaili yawe namba za ovyo zilizotolewa na kompyuta. Faili iliyoitwa «maporomoko2» imeharibu ghala zima.

Uchaguzi. Kompyuta ichague fungu kwa bahati nasibu, kisha picha moja kati ya nne, na kila mara chaguo lirudishwe ghalani. Usimwachie mtu achague kichwani. Binadamu huogopa kurudia, hupenda picha ya pili na ya tatu, na mwonaji aliyemzoea atamkisia. Jambo moja zuri la kurudisha chaguo ghalani: hata mwonaji akikariri picha zote 160, na hata akipenda kusema «maji» kila siku, uwezekano wa kupata unabaki 0.25. Huna haja ya kumfundisha asiwe na mazoea.

Kufunga. Mara picha inapochaguliwa, programu iandike namba yake kwenye faili pamoja na maneno ya siri, itengeneze alama ya SHA-256 ya faili hiyo (msimbo unaokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake), na alama hiyo itumwe kwa mtu wa tatu asiyehusika na kikao. Faili ikiguswa baadaye hata herufi moja, alama itabadilika. Hakuna mtu anayeiona picha: si mwonaji, si msimamizi. Ukitaka mtu «atume» picha kwa akili, awe chumba kingine asikoweza kusikika, simu zizimwe, na asikutane na msimamizi hadi uamuzi umefungwa.

Kikao. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Mwonaji achore kwanza, aandike baadaye, na aeleze maumbo, wepesi au uzito, baridi, mwinuko, kabla ya kutaja jina la kitu. Hata kama huamini chochote katika hili, ushauri huo wa wafanyao maono una faida ya kiufundi: «umbo refu jembamba, juu pana» ni rahisi kulinganisha na picha nne kuliko «naona Paris». Msimamizi aulize maswali yasiyoelekeza tu, na yaandikwe.

Usafishaji. Mtu asiyejua picha iliyochaguliwa aondoe tarehe, namba ya kikao, hali ya hewa, na kila neno linalogusa kikao kilichopita: «tena», «kama jana», «leo ni tofauti». Michoro ipigwe picha upya kwa mwanga uleule. Kila karatasi ipewe msimbo wa ovyo. Kazi hii inachosha, na hapa ndipo watu wanapokata kona.

Uamuzi. Mwamuzi anapokea karatasi moja na picha nne za fungu lake, kwa mpangilio uliochanganywa upya, na anazipanga kuanzia 1 hadi 4. Lazima apange, hata kama zote zinaonekana sawa. Nafasi ya kwanza kwenye picha sahihi ni «kupata», nyingine zote ni «kukosa». Hakuna nusu alama. Mwamuzi asiwe mwonaji, wala msimamizi, wala mtu mwenye hamu ya jibu: mwamba ngoma huvutia kwake. Baada ya kufunga uamuzi wake kwa SHA-256, ndipo picha inafunguliwa na mwonaji anaonyeshwa.

IDADI NA HESABU

Amua idadi ya vikao kabla ya kikao cha kwanza, iandike, ifunge. Ukisimama pale matokeo yanapopendeza, utapata matokeo yanayopendeza; hilo halihitaji kipawa chochote. Vikao 100 vinaonekana vingi lakini ni vichache. Kwa bahati tupu utapata 25, na mtawanyiko wa kawaida ni 4.3, hivyo 33 tayari inavuka mstari wa asilimia 5 ambao wengi wanautumia. Mtu mmoja kati ya ishirini wasio na uwezo wowote ataufikia au kuukaribia.

Tuseme uwezo upo na unampa mwonaji asilimia 32 badala ya 25. Ili uwe na nafasi ya nne kwa tano ya kuugundua kwa mstari wa asilimia 5, unahitaji vikao karibu 250 na ufikie angalau 75. Kwa mstari mkali zaidi wa asilimia 1, vikao 400, na ufikie angalau 122. Sisi tungechagua 400. Kikao kimoja kwa siku kinachukua zaidi ya mwaka, na ukiona hiyo ni kazi kubwa mno, ni afadhali usianze.

Kuna mashine na programu za kompyuta za kubashiri picha moja kati ya nne; Targ mwenyewe alitengeneza mojawapo. Tuseme raundi ina bashiri 24. Wastani ni 6, na kupata 12 au zaidi hutokea mara moja katika raundi 139 hivi. Inasikika adimu. Lakini mtu akicheza raundi 100, ana nafasi ya asilimia 51 kuifikia angalau mara moja, na raundi hiyo ndiyo atakayoipiga picha na kuituma kwa marafiki. Kwa hiyo kila raundi iliyoanzwa ihesabiwe, hata iliyokatizwa na simu.

KARATASI YA KUZIBIA

Sasa swali lililoanza mwongozo. Kwenye leza unaziba mkono. Kwenye maono unaziba nini? Wafanyao maono, Targ miongoni mwao, wanasema umbali haupunguzi, chumba cha chuma hakizuii, na hata wakati hauzuii, kwani mwonaji anaweza kueleza picha itakayochaguliwa kesho. Ukikubali maneno hayo, hakuna karatasi. Hata kuchagua picha baada ya kikao si sifuri, kwa kuwa nadharia inasema hilo pia litafanya kazi. Kifaa kisichoweza kuzibwa hakiwezi kupimwa kwa njia ya kifaa. Inabidi kuzibia kwenye makaratasi.

Fanya hivi. Kwa kila karatasi halisi anayopewa mwamuzi, mpe pia ya mzimu: maelezo ya kikao kingine yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, yakilinganishwa na fungu lisilo lake. Mwamuzi hajui ipi ni ipi. Karatasi 400 halisi zitakuja na 400 za mzimu, na «jibu sahihi» la kila mzimu ni picha iliyochaguliwa kwenye fungu analolinganishwa nalo. Mzimu lazima upate karibu 100 kati ya 400. Ukipata 125, maelezo hayana lawama, kwa sababu hayakuhusu picha hizo. Kuna njia ambayo picha sahihi inajitambulisha kwa mwamuzi yenyewe, au kompyuta haichagui kwa usawa. Kagua haya: faili iliyofunguliwa karibuni inaonyesha saa tofauti, picha iliyochapishwa imekunjika kona kwa kushikwa, mpangilio wa kuonyesha picha unaanza na sahihi mara nyingi kuliko robo, programu inatumia mbegu ileile ya bahati nasibu kila inapowashwa. Hilo la mwisho hutokea zaidi ya mtu anavyofikiri: washa programu mara tano, andika chaguo la kwanza la kila mara, yakifanana umelipata.

Mzimu haukamati kila kitu, kama vile kuzima leza kulivyokuwa hakukamati mtikisiko. Uvujaji wa upande wa mwonaji, kwa mfano msimamizi aliyechungulia skrini na kukunja uso wakati wa kuhoji, utapita salama: karatasi halisi zitapanda na za mzimu zitabaki robo, sura ileile ambayo uwezo wa kweli ungetoa. Dhidi ya hilo kuna ulinzi wa kimwili tu. Kompyuta yenye faili iwe chumba kilichofungwa, iandike kila mara faili inapofunguliwa, na rekodi hiyo itunzwe na yule wa tatu. Vikao vyote virekodiwe sauti, mtu wa nje avisikilize akitafuta «mmh» zinazopanda mwonaji akikaribia. Kisha badilisha msimamizi katikati ya mfululizo, kikao cha 200, kama ilivyopangwa tangu mwanzo. Nusu moja ikipanda na nyingine ikikaa robo, chunguza msimamizi kabla ya kuchunguza akili ya mtu.

Serikali ya Marekani iligharimia utafiti huu na matumizi yake ya kijasusi tangu 1972 hadi 1995, kwa jumla ya dola milioni 20 hivi. Tathmini ya mwisho ilipewa mtakwimu Jessica Utts na mwanasaikolojia Ray Hyman. Waliziangalia data zilezile: Utts aliona athari ipo, Hyman akasema kasoro zisizojulikana hazijaondolewa, na mradi ukafungwa kwa kuwa maono hayakuwa yametoa taarifa ya kijasusi inayotumika. Ukiwasoma wote wawili utaona hawakubishana sana juu ya hesabu. Walibishana juu ya kipi kilikuwa kimezibwa.

Mfululizo wako ukifika 122 au zaidi, na mizimu imebaki karibu 100, usitangaze. Mpe mtu usiyemjua programu, ghala jipya la picha ambalo hujaligusa, na utaratibu huu ulioandikwa, arudie vikao 400 na watu wake mwenyewe. Ukifika 110, umekosa, na rekodi iwekwe hadharani hivyohivyo, pamoja na za mizimu, kwa msimbo uleule na alama zile za SHA-256 ulizotuma siku ya kwanza.